Tiketi ya barabarani kwenye ardhi ya wenyeji asilia: uikatae, uipeleke mahakama ya kabila, au mkubaliane na serikali?

Shemeji yangu, mume wa dada, ni Mwojibwe (moja ya makabila ya wenyeji asilia wa Marekani) wa White Earth, kule kaskazini magharibi mwa Minnesota. Juzi nimeenda kwao nikakuta tiketi imebandikwa kwenye friji kwa sumaku. Kosa: stika ya usajili wa gari imeisha muda. Alisimamishwa ndani kabisa ya rezavesheni, yaani ardhi ya kabila, karibu na Mahnomen, na askari ambaye si wa kabila. Dada anasema lipa tu yaishe, tuna watoto wa kulea. Shemeji anasema halipi hata senti maana jimbo halina mamlaka juu yake pale. Halafu kuna binamu yake kamtumia video ya jamaa mmoja anayedai mwenyeji asilia hahitaji leseni popote pale alipo, hata akiwa mjini Chicago. Mimi ndo nikaulizwa, eti kwa sababu nilisoma sheria miaka miwili pale Mlimani kabla sijaacha.

Nimekaa nikasoma nikagundua kwamba wote watatu wanaongelea vitu tofauti kabisa na wanadhani wanabishana. Kwa hiyo naweka hapa njia tatu ambazo wenyeji asilia wenyewe wamezitumia kweli kweli, kwa wale waliokwama kama hawa wawili. Na nasema rezavesheni makusudi, nikisema hifadhi mtaanza kufikiria tembo.

Vigezo kwanza

Nimepima kila njia kwa mambo manne. Kisheria inasimama au inaanguka. Usiku ukisimamishwa kwenye lami inakusaidia nini. Mfukoni inakula kiasi gani. Na la nne, ambalo sisi wa nje huwa tunalisahau, mwisho wa siku kabila linabaki na mamlaka zaidi au pungufu.

Ila kabla ya hapo kuna maswali matatu ambayo usipoyajibu hakuna njia itakayokusaidia: kosa lilitokea ndani ya mipaka ya ardhi ya kabila au nje, wewe ni mwanachama wa kabila hilo au la, na kosa lenyewe ni la aina gani. Nje ya mipaka hadithi ni fupi, Mahakama Kuu ya Marekani ilishasema mwaka 1973 kwenye kesi ya Wamescalero Apache kwamba ukitoka nje ya rezavesheni sheria za jimbo zinazomhusu kila mtu na wewe zinakuhusu, labda pawe na sheria ya taifa au mkataba unaosema vingine. Kwa hiyo yule jamaa wa video na Chicago yake tumuache hapo hapo.

Njia ya kwanza: kuikataa tiketi mahakamani

Yaani unaenda mbele ya hakimu wa jimbo au jiji, unasema mheshimiwa huna mamlaka ya kunisikiliza.

*Kisheria.* Watu wengi wanacheka wakisikia hii lakini kule Minnesota hoja hii ilishinda, tena kwao kabisa White Earth. Kisa chenyewe kinaanzia mbali kidogo. Mwaka 1953 Bunge la Marekani lilipitisha sheria namba 280, ikayapa majimbo kadhaa, Minnesota ikiwemo, mamlaka ya kesi za jinai kwenye rezavesheni. Jinai, na kesi za madai kati ya mtu na mtu, si kila kanuni ya jimbo. Halafu 1987 ikaja kesi ya Wacabazon wa California, ilikuwa ya bingo na kamari wala si ya magari, na Mahakama Kuu ikaweka kipimo: kama jimbo linakataza kitu moja kwa moja hiyo ni jinai na jimbo linaingia, kama linakiruhusu ila linakiwekea utaratibu basi hiyo ni kanuni tu na jimbo linabaki getini.

Sasa jiulize, kuendesha gari kumekatazwa au kumewekewa utaratibu? Ndo hapo mwaka 1997 Mahakama ya juu ya Minnesota, kwenye kesi ya Stone, ikasema jimbo halina mamlaka juu ya wanachama wa White Earth ndani ya rezavesheni yao kwa mwendo kasi, bima, usajili ulioisha, leseni, mkanda, hadi kiti cha mtoto. Stika ya shemeji imo humo humo kwenye orodha. Jimbo la Washington nako Wacolville walikuwa wameshashinda mwaka 1991 kwa hoja ileile, na mimi hiyo ndo inanifurahisha zaidi, maana jimbo lenyewe lilikuwa limelegeza sheria zake likafanya mwendo kasi kuwa kosa dogo la kulipa faini lisilo la jinai, likadhani linarahisisha kazi za mahakama, kumbe limejitoa lenyewe kwenye rezavesheni.

Lakini usishangilie mapema. Ulevi kwenye usukani haumo. Mwaka 2002 mahakama ileile ikasema mtu aliyefutiwa leseni kwa sababu ni hatari kwa usalama wa wengine akiendesha hiyo ni jinai, jimbo linaingia. Na mwaka 2000 ilishasema mwenyeji asilia ambaye si mwanachama wa kabila lenye ardhi ile hawezi kujificha humo. Oklahoma ndo wamechanganya zaidi: baada ya kesi ya McGirt ya 2020 kuthibitisha kwamba rezavesheni ya Wamuscogee haikuwahi kufutwa, na sehemu kubwa ya jiji la Tulsa imo ndani yake, Mchoctaw mmoja (kabila jingine) aliyepigwa tiketi ya mwendo kasi Tulsa mwaka 2018 akairudisha mahakamani, na mahakama ya rufaa ya shirikisho ikampa haki mwaka 2023. Jiji lilikuwa linategemea sheria ya mwaka 1898, fikiria, kabla hata gari halijafika huko. Halafu Desemba 2024 mahakama ya rufaa za jinai ya Oklahoma kwenye kesi nyingine ikaelekea upande wa jiji kwa wale wasio wanachama wa Muscogee. Mahakama mbili, jiji moja, majibu mawili.

Ukivuka mpaka kwenda Canada hoja hii karibu inakufa. Sheria yao ya wenyeji asilia, Indian Act, kifungu cha 88, inasema sheria za jimbo zinazohusu watu wote zinawahusu na wao, na mwaka 1988 Mahakama Kuu yao ikathibitisha kwamba sheria ya magari ya New Brunswick inafanya kazi ndani ya rizavu, ndo rezavesheni za kwao. New Zealand ndo inauma. Mwaka 2014 Tume ya Waitangi ilitamka wazi kwamba machifu wa Kimaori waliosaini mkataba wa 1840 na Waingereza hawakukabidhi mamlaka yao kamili, tatizo ni tafsiri, nakala ya Kimaori ilisema kitu kimoja na ya Kiingereza kingine. Ukisoma unasema basi, wameshinda. Lakini nenda na hoja hiyo mahakamani kwa ajili ya leseni, majaji wanajibu mwaka hadi mwaka kwamba sheria ya Bunge inamhusu kila mtu. Australia hivyo hivyo, mwaka 1994 mahakama yao ya juu ilikataa hoja kwamba sheria ya jinai inahitaji ridhaa ya Waaborijini kwanza. Kwa hiyo madai yanaweza kuwa kweli kihistoria na bado usitoke na kitu kwenye kesi ya stika.

*Barabarani.* Haisaidii kitu. Askari akiwa na tochi usoni kwako si mahali pa kusoma kesi ya 1997. Unatoa karatasi, unapokea tiketi, unaenda zako, hoja yako ni ya mahakamani.

*Mfukoni.* Yule wa Tulsa faini yake ilikuwa dola 150. Kutoka tiketi hadi hukumu ya rufaa ni miaka mitano. Bila mwanasheria anayekusimamia bure au kabila lililo nyuma yako, piga hesabu mwenyewe. Ila pale ambapo kesi imeshaamuliwa, kama White Earth, hoja ni nyepesi, unaonyesha kadi ya uanachama na ramani.

*Mamlaka.* Hapa nina neno. Ushindi wa aina hii unamtoa polisi wa jimbo, haumuingizi mtu mwingine. Mzee mmoja wa kule aliniambia, tena kwa hasira, kwamba yeye hataki jimbo limtawale lakini anataka mtu awapunguze mwendo vijana mbele ya shule. Kama kabila halina kanuni zake, pale katikati panabaki wazi.

*Inamfaa nani.* Mwanachama, ndani ya ardhi yake, kosa dogo la karatasi, na mahali ambapo mahakama zimeshaamua.

Njia ya pili: sheria zenu, askari wenu, mahakama yenu

*Kisheria.* Kwa wanachama ndani ya ardhi yao hii Marekani haina utata mkubwa. Red Lake, jirani zake shemeji, hawakuingizwa kabisa kwenye ile sheria ya 1953, wana polisi wao na mahakama yao, na miaka ya 1970 wakaanza kutoa pleti zao za magari, jimbo likagoma, Mahakama ya juu ya Minnesota mwaka 1976 ikaliambia jimbo lizitambue. Mwaka 1993 Mahakama Kuu ya Marekani nayo ikasema Oklahoma haiwezi kutoza kodi ya usajili kwa magari ya wanachama wa kabila la Sac and Fox wanaoishi kwenye ardhi ya kabila.

Wanavajo wao ni kiwango kingine. Ardhi yao inazidi Rwanda na Burundi ukiziunganisha, wana kanuni zao za magari, polisi wao, mahakama za wilaya zao. Madereva wetu wa semi wanaokata I-40 kutoka Albuquerque kwenda Flagstaff wanaipita pembezoni na wengi hawajui kama ni serikali nyingine. (Wanachojua ni kwamba saa zinawachanganya, maana Arizona haibadilishi saa kiangazi na Wanavajo wanabadilisha, halafu Wahopi waliozungukwa na Wanavajo hawabadilishi. Ukiwa na miadi ya kushusha mzigo unaweza kulia.)

Canada wapo pia. Kahnawà:ke, Wamohawk wa pembeni ya Montreal, walianzisha walinda amani wao mwaka 1979 baada ya polisi wa Quebec kumuua kijana wao kwa risasi, na wana mahakama ndogo inayosikiliza kesi za barabarani hapo hapo kijijini. Wanisga'a wa British Columbia wana mkataba unaofanya kazi tangu mwaka 2000 unaowaruhusu kutunga sheria za trafiki kwenye barabara zao, ila kwa kiwango cha manispaa tu.

Udhaifu wake ni mtu wa nje. Tangu 1978 mahakama ya kabila Marekani haiwezi kumshitaki kijinai mtu asiye mwenyeji asilia kwa kosa la barabarani, hata akipita na kasi mia. Mwaka 1997, kwenye ajali ya watu wawili wa nje juu ya barabara kuu ya jimbo ndani ya rezavesheni ya Fort Berthold, Mahakama Kuu ikasema hata kesi ya madai mahakama ya kabila haiwezi kuisikiliza. Mwaka 2021 wakalegeza kidogo: askari wa Wacrow huko Montana alimkuta mtu kwenye gari pembeni ya barabara kuu, akaona bunduki na dawa za kulevya, na Mahakama Kuu kwa kura zote ikasema askari wa kabila anaweza kumzuia mtu wa nje kwa muda na kumpekua mpaka wenye mamlaka wafike.

*Barabarani.* Kwa mwanachama ni raha kiasi chake. Anayekusimamisha labda alisoma na mama yako. Shemeji anasema hiyo nayo ni adhabu, maana habari inafika kwa bibi kabla hujafika nyumbani.

*Mfukoni.* Kwa mtu binafsi ni nafuu, mahakama iko karibu. Kwa kabila ni mzigo, magari ya doria, redio, hakimu, karani, na rezavesheni nyingine ni kubwa kuliko mikoa yetu na askari wachache. Faini hazilipii hayo yote, msidanganyike.

*Mamlaka.* Hakuna njia inayoifikia hii. Pleti ya Red Lake kwenye bampa inasema mambo ambayo hotuba mia hazisemi.

*Inamfaa nani.* Jamii yenye ardhi iliyoshikana, idadi ya kutosha na hela ya kuendesha mahakama mwaka hadi mwaka. Mtu mmoja mmoja haichagui, anaikuta.

Njia ya tatu: makubaliano

Askari anaapishwa pande mbili, wa kabila anaweza kukamata kwa niaba ya jimbo na wa jimbo kwa niaba ya kabila. Tiketi inaandikwa, halafu inaangaliwa wewe ni nani, ndipo inajulikana inaenda mahakama ipi.

*Kisheria.* Ni karatasi mlizosaini, nguvu yake inatoka humo. Minnesota wana vifungu vinavyowapa polisi wa makabila mamlaka ya kawaida ya polisi kwa masharti, mojawapo kabila libebe bima ya dhima. Oklahoma baada ya McGirt ndo wamesaini makubaliano mengi ya aina hii. Wacherokee kwa mfano walisaini na miji midogo midogo kwamba tiketi za wenyeji asilia zinaenda kwa kabila, na hela ya faini inarudi kwa mji isipokuwa dola 30 hivi za gharama, mji haupotezi bajeti na kabila linabaki na kesi yake. Akili hiyo. Tulsa walibishana miaka kadhaa na 2025 jiji na Wamuscogee wakasaini kumaliza kesi kati yao.

*Barabarani.* Hapa ndo inashinda zote mbili. Ajali ikitokea saa nane usiku hakuna anayesubiri kujua majeruhi ana kadi ya kabila gani.

*Mfukoni.* Rahisi kwa wote, ingawa vikao vya kufikia hapo ni virefu kuliko vya mahari.

*Mamlaka.* Inategemea nani yuko ofisini. Mwaka 2016 kaunti ya Mille Lacs, huko huko Minnesota, ilivunja makubaliano yake na kabila la pale, wakakaa miaka miwili mpaka 2018 polisi wa kabila hawajui wanaruhusiwa nini, kwenye kipindi ambacho dawa za kulevya zilikuwa zinamaliza watu. Na wapo wanaharakati wanaosema ukishasaini umeshakubali kwamba mamlaka yako yanahitaji ruhusa ya mwenzio. Siwalaumu. Lakini pia sijawaona wakijibu nani afuate gari linalokimbia likavuka mpaka.

*Inamfaa nani.* Sehemu ambazo ardhi imechanganyika kama ubao wa drafti, nyumba hii ya kabila, ile ya mtu wa nje, kama ilivyo White Earth na Oklahoma mashariki yote.

Na ile ya binamu

Siihesabu kama njia lakini lazima niiseme maana inazunguka sana WhatsApp, na sisi weusi tunalengwa nayo. Kuna watu wanauza pleti, vitambulisho na barua za kusema "mimi sio dereva, mimi ni msafiri", wengine wanajiita wenyeji asilia wa Marekani bila kabila lolote linalowajua. Julai 2021 kundi moja la namna hiyo lilikabiliana na polisi kwenye I-95 huko Wakefield, Massachusetts, barabara ikafungwa masaa, watu 11 wakakamatwa. Canada jaji mmoja wa Alberta mwaka 2012 aliandika hukumu ndefu kama kitabu kuzichambua hoja hizi moja moja na kuzitupa. Wenyeji asilia wenyewe wanazichukia, kwa sababu hakimu akishasikia kumi za uongo, ya kumi na moja ya kweli anaisikiliza nusu nusu.

Na kwa wanaoniuliza kama Waogiek au Wamaasai nao wanaweza kusema hivyo: Waogiek walishinda Mahakama ya Afrika pale Arusha mwaka 2017, ila ilikuwa msitu wa Mau na haki zao za ardhi na utamaduni. Mahakama ya kusikiliza tiketi hawana, kwa hiyo ukipigwa tochi Narok unalipa kama wengine.

Sasa wewe uko wapi

Wewe ni mwanachama, uko kwenye ardhi yako, kosa ni la karatasi au mwendo, na tiketi imetoka kwa jimbo: usiitupe na usikae kimya, kukosa tarehe kunaweza kuleta hati ya kukamatwa. Piga ofisi ya sheria ya kabila kwanza, nyingi zina mtu wa kukuelekeza, peleka hoja ya mamlaka kwa maandishi na nakala ya kadi.

Ni mwanachama lakini uko kwenye rezavesheni ya kabila jingine: hapo uliza kabla ya kujitapa, jibu la Minnesota na la Oklahoma hayafanani.

Kosa ni ulevi au leseni iliyofutwa kwa hatari: tafuta wakili wa jinai, hoja ya mamlaka inaweza isikufikishe popote.

Uko kwenye baraza la kabila na mnaamua: kama ardhi imeshikana na mna uwezo jengeni mahakama, kama imechanganyika anzeni na makubaliano, na humo wekeni muda wa notisi mrefu ili kaunti isije kuamka asubuhi ikavunja.

Ni Mkenya, Mtanzania au Mkongo mwenye semi unapita tu: askari wa kabila ni askari, simama, toa leseni, ongea vizuri. Anaweza kukuandikia tiketi ya kabila ya madai, si ya jinai, au akakuzuia mpaka wa jimbo afike. Ukiwa na leseni ya lori usilipe tu kabla hujauliza kama itaingia kwenye rekodi yako.

Uko Canada, New Zealand au Australia: lipa au pinga kwa sababu za kawaida kama tochi mbovu, na ile hoja kubwa ipelekeni kwenye meza ya mikataba.

Shemeji ameandika barua yake, tarehe ni mwezi ujao. Stika mpya ameshabandika hata hivyo, maana kila Jumamosi anaenda Fargo, na Fargo ni North Dakota.